Hesabu ya Karani Semboja, Tanga

Njia ya Pongwe ni moja, mizigo yetu mitatu,
Machungwa hayatangoja, yataoza siku tatu,
Mkonge husema, "Naja," saruji, "Sipishi mtu,"
Lori saba kwa daraja, la nane halithubutu.

Semboja bei kivuli katunga, si ya kulipa,
Saruji kaona kali, Mabokweni ikakwepa,
Mkonge ukenda reli, polepole, bila pupa,
Machungwa yakakubali yapitie papa hapa.

Jibu likaja na nusu: lori tatu na kipande!
Lori halikatwi kisu, Mhando wapi apande?
Semboja akaruhusu nne kamili ziende.
Chungwa ndilo lenye nusu: kila mmoja, upande.