Kipoza cha Elfu Hamsini na Tano

Saa nane mchana, Barabara ya Kumi na Tatu,
bati la studio linalia kama kaango,
na kompyuta yangu imezima tena:
bwana harusi kaachwa na kijiti hewani,
bibi harusi kafungua mdomo,
keki haijafika.

Mara ya tatu leo.
Nimegusa ubavu wa kasha.
Hili si joto la Februari tulilolizoea Ngamiani,
ni moto wa sufuria iliyosahauliwa.
Kabla ya kuzima iliandika tisini na tisa,
nami nikawaza: mwanadamu akifika arobaini tu
ndugu wote wanaitwa kitandani.

Mama Shelukindo kapita kuulizia video ya mwanawe.
Nimesema kesho.
Jana pia nilisema kesho.

Fundi Kihiyo akafungua, akapuliza vumbi,
akanionyesha feni iliyokuja na prosesa.
"Huu ni upepeo wa mtoto," akasema,
"unapepea jiko la shughuli."

Dukani kwa Taherali kuna cha minara miwili,
feni mbili, taa zinabadilika rangi kama ukumbini.
Laki mbili na thelathini.
Nikapiga hesabu: hiyo ni harusi nzima na nusu ya nyingine,
na taa zimulike nini
ndani ya kasha la bati linalotazama ukuta?

Kuna cha maji, kina mipira na pampu;
Taherali alikisifu mpaka akatokwa jasho.
Lakini mimi nimekulia Makorora,
nyumba ambayo bomba lake linavuja
tangu nikiwa darasa la tatu.
Maji na umeme nimeshaviona vikikutana.
Sitavitambulisha upya.

Pembeni, kwenye boksi lililopauka,
kimoja cheusi, hakina taa,
jina lake halitamkiki;
mabomba manne ya shaba, mapezi membamba,
feni moja pana kama sahani ya pilau.
Hamsini na tano.
"Hicho cha wanyonge," Taherali akasema.
Nikamwambia, "Nishikie, nipime."

Maana bei ni nusu tu ya swali.
Nilikuja na futi ya dada yangu Mwanakheri, mshonaji;
kasha nilikwisha lipima nyumbani,
toka kwenye prosesa hadi mlangoni, sentimita kumi na sita.
Hiki: kumi na tano na nusu.
Kile cha minara: kumi na sita na nusu.
Ningekinunua, ningeishi na kasha wazi,
mende waingie, na hewa ya chumvi ile shaba.
Mwanakheri husema, gauni la bei mbaya
lisilopita mabegani ni pazia.

Nikauliza kama miguu yake inaingia kwenye ubao wangu,
kama haitakalia ramu.
Taherali akanitazama kama mtu
aliyeulizwa ukoo wa kuku.

Usiku Kihiyo alifuta dawa ya zamani
kwa spiriti na kipande cha kanga;
ilikuwa ukoko mtupu.
Akadondosha mpya, punje moja ya choroko.
Nikataka aongeze.
"Hii si siagi."
Akakaza skrubu kwa mshazari,
kidogo huku, kidogo kule,
asije akamwonea mmoja.

Tukawasha.

Kijiti kikashuka. Keki ikafika.
Shangazi mmoja alipiga kigelegele
alichokuwa amekishikilia tangu mchana.
Sabini na tatu. Sabini na nne. Sabini na tatu.
Na kwa mara ya kwanza chumbani humu
nikasikia saa ya ukutani ikitembea.

Kihiyo, akihesabu ujira wake, akanikumbusha:
feni haitengenezi baridi.
Huchota joto hapa, ikalimwaga pale.

Pale ni mimi.

Nimevua shati, nimefungua dirisha,
nakata na kuunga mpaka alfajiri.
Mashine ina sabini na tatu.
Mimi sijapimwa.