Kidato cha Sabini na Moja

Kutoka barabara ya chini hadi mlangoni kwangu
kuna vidato mia moja sitini na tatu.
Navijua kama shanga za rozari:
kipi kimemeguka, kipi huteleza asubuhi ya ukungu,
kipi hulalia mbwa wa Don Eleuterio, hahami hata kwa askofu.
Hapa Valparaíso nyumba zimening'inia vilimani
na mtungi wa gesi hupanda begani mwa mtu.

Goti lilipopasuliwa na kushonwa,
binti yangu Yasna alinilipia mkufunzi.

Wa kwanza aliitwa Bastián.
Sitamsengenya: meno meupe, kifua kama kabati.
Alinitazama mara moja, akajitazama kiooni mara nne.
"Mama, maumivu ni udhaifu unaoutoka mwili."
Nikamjibu: goti usilolivaa hujui misumari yake.
Akacheka. Akaongeza uzito.
Alinihesabia huku akijibu simu,
akifika tisa anarudi sita,
na zile tatu nikazilipa kwa mguu wangu.
Kila swali alilijibu kabla halijatoka kinywani:
Goti? Maji mengi.
Usingizi? Maji mengi.
Kizunguzungu? Hiyo akili tu, Mama, akili.
Alinipiga picha ya kabla, tukaisubiri ya baada.
Wiki ya tano nilikuwa kitandani, barafu gotini,
na picha ya kabla inazunguka dunia bila mimi.

Fresia Huenchumán aliahidi Jumatatu, akaja Jumanne.
Mfupi, mpana, viatu vya mvua, ananuka sigara.
Nikasema moyoni: pesa ya Yasna imeliwa tena.
Hakunipima kiuno. Alivuta kiti cha jikoni, akauliza:
"Mwili huu unataka ukufanyie nini?"
Hilo hakuwahi kuniuliza mtu,
hata marehemu mume wangu.
Nikasema: nataka kufika juu mkate ungali moto.
Akaandika kwa penseli, kwenye daftari la hesabu:
mkate, moto.

Tukashuka. Tulipopanda alikaa nyuma yangu, si mbele,
kidato kimoja chini, mikono wazi, hanigusi.
Kidato cha sabini na moja nilifeli.
Nikaketi, nikalia. Si kwa goti; kwa miaka.
Hakuniambia nijikaze.
Aliketi cha sabini, akatoa chaki mfukoni,
akachora mstari kando ya kiatu changu.
"Leo shule imeishia hapa," akasema, akawasha sigara,
na moshi akaupuliza upande wa pili.
Chini yetu makontena yalikuwa yanashushwa, jekundu, bluu, jekundu.
Miaka arobaini napita pale, sijawahi kuketi.

Mwezi wa tatu nikamwambia kifua kinanibana.
Nikasubiri maji mengi.
Alinyamaza, kisha akatoa neno
ambalo Bastián hakuwa nalo katika kabati lake lote:
"Sijui."
Na tena: "Nisilolijua siligusi. Vaa koti."
Tulipanda basi hadi hospitali,
akakaa kwenye benchi saa tatu, anabangua karanga,
na saa hizo hakuzidai.

Simpambi. Jina la Yasna alilikosea mpaka mwisho.
Siku niliyomdanganya kwamba nimefanya mazoezi ya nyumbani
alinitazama nikivua kiatu tu, akajua,
akanigombeza hadi mbwa wa Don Eleuterio akahama.
Nilimchukia hadi Alhamisi.
Alhamisi nilichuchumaa mara kumi, nikainuka mara kumi,
bila kushika meza.

Chaki imefutwa na mvua za Agosti, ikachorwa,
tisini na nne, mia na kumi, ikafutwa.
Wiki hii hakuja; ana mgonjwa mwingine, kilima kingine.
Jana nilinunua mkate, nikaukumbatia ndani ya koti,
nikapanda huku nikimuwaza fundi wa paa na deni lake.
Nilipotia ufunguo mlangoni ndipo nikashtuka:
sikuhesabu.

Mkate ulikuwa vuguvugu.
Nikaula hivyo hivyo, nimesimama.