Ubao wa Pande Mbili

Walinipa ubao mmoja, msindano uliokauka nusu,
wakasema: Andika pande zote, mbao zimepanda bei.
Huku jina la timu, na mpira wenye madoa;
huku jina la chama, na neno lilelile: TAWI.
Kopo la rangi moja. Brashi moja.
Nikalipwa nusu. Nusu nyingine, wakaapa, baada ya uchaguzi.
Hawakusema uchaguzi upi.

Pale Tukuyu, nyuma ya mashine ya kusaga,
chumba kina mabenchi manne na bati linalovuja.
Jumamosi ni cha timu. Jumatatu ni cha chama.
Mwenyekiti ni Mwaipungu, koti lilelile,
hata kikohozi cha kufungulia kikao ni kilekile.
Kadi zangu zote mbili nazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga
juu ya kabati, zisilowe.
Zimelowa.
Za baba zimo pia, zimegandana, wino umehama:
ukiinua moja, unasoma nyingine kinyumenyume.

Upepo ukishuka kutoka Rungwe
huugeuza ubao kwenye waya wake upendavyo.
Ndivyo Gwakisa, fundi matofali,
aliyekesha tanuruni hadi siku zikamchanganyikia,
alivyousoma, akaingia, akakaa.

Akasikia: Tulizidiwa kidogo, lakini hatukushindwa.
Akatikisa kichwa.
Akasikia: Kuna mamluki humu ndani.
Kweli kabisa, akasema.
Akasikia: Wenzetu wananunua watu.
Akaguna: Na refa je!
Akasikia: Tuvumilie, safari hii ni yetu,
anayelalamika hana uchungu na rangi zetu.
Akapiga makofi mpaka vumbi jekundu likamtoka viganjani.

Saa nzima, hakuna neno lililomshtua.
Kisha akanyoosha mkono, kwa adabu:
"Mwenyekiti, kocha tunamtoa lini?"

Bati likadondosha tone. Likadondosha jingine.
Bupe wa mahesabu akajifunika kitenge, mabega yakicheza.
Na katibu, ambaye hajawahi kukosa la kuandika, akaandika:
Mjumbe ameuliza kuhusu kocha.
Swali limepokelewa, linafanyiwa kazi.

Nilicheka siku tatu. Ya nne kicheko kikanikwama kooni.

Maana mimi huyu, Jumamosi, nikiwa nimeloa chapachapa,
nimemwita beki wa kushoto majina
ambayo hata brashi yangu ingeyakataa,
kwa pasi moja tu.
Nimedai mapato ya mlangoni mpaka shilingi ya mwisho,
nikamshika Mwaipungu koti: Fungua daftari, tuone.
Na Jumatatu, benchi lilelile,
daraja la mbao likiwa limezolewa na mto mwaka juzi,
mtoto wa dada yangu akivuka kwa kamba kwenda shule,
daftari kichwani, viatu mdomoni,
nimeulizwa: Wanaoafiki?
Nimesema ndiyoo, pamoja na wenzangu,
na nilikuwa wa kwanza.

Timu haikuniahidi daraja.
Ndiyo maana naipenda bure, naisamehe bure,
na siku iliposhuka daraja nililia kama mfiwa,
sikula, mke wangu akaleta ndizi akazirudisha.
Daraja lenyewe liliposhuka, na mbao zake, na misumari yake,
nilikula.

Leo wameniita nikaupake upya.
Nusu yangu bado.
Nimepanda ngazi, nikapangusa ukungu kwa mkono wa shati,
nikakuta upande wa chama rangi imepenya kwenye ufa,
imeacha duara, na ndani ya duara, madoa.
Naweza kulifunika. Ni mpako mmoja tu.
Brashi inadondosha.
Chini yangu Gwakisa anasukuma baiskeli yenye matofali,
anasimama, anainua uso, ananiuliza
leo ni siku gani.