Mstari wa Kumi na Saba

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa mama.
Kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa watu wa umeme
nilisimama katikati, mkoba wa shule mgongoni,
nikivusha maneno kutoka Kiingereza hadi Kihispania
kama mtu aliyebeba mayai.

Duka la mikopo lilikuwa na maputo mlangoni
na bakuli la peremende.
Bibi alikuwa amefariki kule Zacatecas,
nasi tuko Dalton, Georgia, mji wa mazulia.
Wengine hukopa harusi wakalipa matanga.
Sisi tulikopa matanga yenyewe.

“Inasemaje?” mama aliuliza.
Nikasoma. Jina. Anwani. Namba ya gari.
Kwenye mstari wa kumi na saba palikuwa na neno refu
ambalo mwalimu wangu hakuwahi kuliandika ubaoni.
Nikalitazama. Nalo likanitazama.
“Wanasema asante kwa kuja,” nikamwambia.

Akatia sahihi.

Walilivuta gari alfajiri ya Machi,
kiti cha mdogo wangu Nazario kikiwa bado ndani.
Mama akaanza kwenda kiwandani kwa miguu
na hakuniuliza kitu.

Sasa kila Alhamisi, nyuma ya dobi la Hortensia,
mashine zikizunguka na mvuke wa sabuni ukipanda,
naandika neno lile kwenye boksi lililopasuliwa.
Riba. Na riba juu ya riba.
Deni hulala nawe kitandani, nasema,
ila lenyewe halisinzii.

Don Eleuterio hubadilisha hundi yake dirishani,
na kwa kila mia, dola tatu hubaki dirishani.
“Kwa miaka mingapi?”
“Ishirini na miwili.”
“Hebu piga hesabu.”
Akahesabu kwa vidole vyenye nyuzi za zulia,
akarudia,
akaomba maji.

Mama hukaa nyuma kabisa, karibu na vikaushio.
Jana alitoa daftari la jalada la kijani:
upatu wao, wenyewe huuita tanda,
wanawake kumi, miaka kumi na tisa,
Obdulia, Chayo, marehemu Ninfa,
na hakuna hata mmoja aliyekula akatoroka.
“Hili benki wanaliona?”
“Hapana, mama. Kwao huna historia.”
Akalifunga taratibu.
“Basi kati yetu nani hajui kusoma?”

Watu walicheka mpaka Hortensia akaja kuchungulia.

Tulipobaki wawili, tukikunja shuka za wageni,
nilimtafsiria mstari ule neno kwa neno,
miaka ishirini na mitatu baadaye,
sauti yangu ikikwama penye “kutwaa gari bila taarifa.”
Akazikutanisha pembe za shuka na pembe zangu.
“Ulikuwa na peremende mdomoni,” akasema.
“Nilijua hujui.
Tulikuwa wawili.”