Uvungu wa Goti

Nilipompaka goti, mafuta ya karafuu,
Uvunguni, katikati, pamevimba, pako juu.
Famau: "Ndio wakati, wa uzee wa miguu."
Hukanyaga cherehani, kwa tabibu hakanyagi.

Bi Sauda wa Langoni, asema ni jicho baya,
Mamake yu unyayoni, atafuta mwiba, waya,
Mimi langu li moyoni, sisemi ila nagwaya.
Hukanyaga cherehani, kwa tabibu hakanyagi.

Kaka Bunu siku ile, shavu la mguu joto,
Tukakanda polepole, kwa chumvi na maji moto;
Bonge likapanda, lile, pafuni, kama kokoto.
Nikaitoa mikono. Mafuta yakamwagika.

Nikauficha mkanda, wa mashine, kifuani.
Akanuna, akapanda, punda, hadi kipimoni.
Ute baridi, kitanda, kivuli ki kiooni:
Mshipa hauna kitu. Ni maji, maji ya goti.

Gegedu imesagika, maji yapata kifuko.
Usitani akacheka: "Mkanda wangu u huko?"
Machozi yakanishuka, ya Bunu, kwenye kicheko.
Hukanyaga cherehani. Kwa tabibu kakanyaga.