Karani wa Mizani

Kidato cha pili walituuliza mara moja tu,
ubaoni, kwa chaki ya njano:
Kifaransa au Kilimo.
Wenzangu wakaandika Kilimo, jembe wanalijua.
Mimi nikafuata viatu vya Mwalimu Nantanga,
vyeupe, visivyojua vumbi la Newala.
Muhula wa pili haukwisha, akahamishwa.
Kikabaki kitabu kimoja, na sisi kumi na tisa.

Nyuma ya stendi alikuwapo Filomena, fundi cherehani,
msichana wa misheni ya Mueda hapo zamani.
"Nitungie uzi," alisema, "macho yamechoka,
nami nikulipe Kireno,
neno moja kwa tundu moja la sindano."
Nikacheka hadi njiani.
Kireno! Nani ataniajiri kwa lugha ya ng'ambo
ya mto ninaouona nikisimama ukingoni mwa uwanda?
Lugha ya kigeni, nilidhani, sharti itoke mbali.

Newala hatuna minazi ya kujivunia,
lakini methali haikuuliza:
mchagua nazi hupata koroma.

Nikawa karani wa mizani, chama cha msingi.
Kifaransa changu nikahesabia magunia,
katre, senk, sis, kimoyomoyo,
wapagazi wakadhani navuta uradi.

Oktoba, msimu umechanganya,
baiskeli zimepanga foleni mpaka kwa muuza mihogo,
Nkalapa wa lori la mbao akashusha bahasha
bila kuzima injini.
Imetoka kwa Celestina, dada yangu wa baba mmoja.
Tuligawana baba, lugha hatukugawana.
Baba alivuka nikiwa na miaka minne,
akaota mizizi huko.

Mistari sita. Nikaisoma kwa Kifaransa,
kama mtu anayechungulia ndani ya chandarua:
umbo naliona, uso sioni.
*Pai* nikabahatisha.
Kisha nikakuta *espera*, moyo ukaruka.
Hili nalijua! Mwalimu alilipigia mistari miwili:
kutumaini.
Baba anatumaini.

Ningeweza kumkimbilia Nkalapa, bado anapinda kona.
Lakini mimi, msomi wa lugha,
nimuulize dereva?
Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati,
nikampimia Mwanahawa gunia lake,
kilo themanini na moja, toa moja ya gunia.
Anayetumaini hana haraka.
Nitakwenda, nikajiambia, baada ya mnada wa tatu.

Mnada wa pili ulipopita Nkalapa akarudi.
Safari hii alizima injini.
"Hukuja," akasema.
Nikamtolea barua, imelainika kwa jasho.
Akaisoma palepale, mguu mmoja juu ya mizani,
mshale ukicheza:
*Baba ni mgonjwa. Anakungoja.*

Kungoja.
Kumbe kiti kilitolewa nje kila asubuhi,
kikarudishwa ndani jioni.
Siku kumi na saba, alisema Nkalapa.
Alizihesabu Celestina.

Nilikwenda nyuma ya stendi, sijui kutafuta nini.
Filomena alikwisha zikwa, mwaka wa pili huu.
Cherehani anaikanyaga binti yake, anashona sare za shule.
Nikamuuliza kama mama alimwachia Kireno.
"Alikuwa akikisema peke yake," akasema,
"nikadhani anagombana na uzi."
Akanipa sindano nimtungie, maana nimesimama bure.
Mkono ulitetemeka. Mara tatu uzi ukapita kando.

Usiku huu nina karatasi ya stakabadhi, upande usioandikwa.
Namjibu dada, kwa lugha gani sijui.
Nimeandika *Celestina*,
nikaweka mkato.
Mkato unasomeka pande zote mbili za mto.
Baada yake, bado.