Pete ya Fundi Mlekwa

Lenzi ya baba ni nzito kama jiwe la mizani,
mdomo mpana kama kikombe cha bati.
Miaka ishirini na mitatu imelala kwenye kopo la maziwa ya unga
na konzi ya mchele wa kunywa unyevu,
na bado kuvu ikapata njia,
ikashona utando ukingoni mwa kioo.

Kamera yangu ni ya juzi. Nimeinunua kwa jamaa wa Isevya
aliyepiga harusi hadi akawachoka maharusi.
Nyepesi, ina haraka;
jicho lake la ndani ni stempu ya barua.

Hawafahamiani hawa wawili.
Mmoja ana masikio matatu, mwingine anataka meno.
Pete ya kuwaoza, ya dukani,
ingekuja kwa meli, kwa bei ya mbuzi wawili.

Fundi Mlekwa alikereza bushi za mabehewa
mpaka karakana ya reli ikampa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri.
Siku hizi mashine yake iko uani, Ng'ambo,
inanguruma umeme ukipenda.
Hakuniuliza za nini. Aliuliza: "Umbali?"
Kutoka mgongo wa lenzi hadi pale mwanga unapotua.
Sabini na nne, nikasema, toa kumi na nane za kamera yenyewe.
"Hamsini na sita," akaandika kwa chaki
kwenye paja la suruali.

Pistoni ya trekta la tumbaku ikazunguka,
alumini ikamenyeka kama kitunguu.

Pete ya kwanza ilizidi unene wa unywele.
Cha karibu chote kilikubali:
kitasa, jicho la kuku, rangi inayobanduka ukutani.
Cha mbali kilikataa.
Taa ya ishara, kule reli inakoingilia miombo,
ikawa kiini cha yai kilichopasuka.
"Basi hii inaona shida za nyumbani tu,"
Fundi akasema, akaikwangua tena.

Ndani tulipaka masizi ya sufuria na gundi,
mwanga wa pembeni usije ukacheza humo.

Shangazi Nyamizi aliwahi kukaa mbele ya kioo hiki,
mwaka sabini na nane, studio kwa baba,
nyuma yake ziwa la rangi ya mafuta
na mtumbwi usiojua kuloa.
Leo amekaa kwenye kiti cha plastiki, uani,
kanga mpya mabegani, amenyooka
kama mtu aliyekwenda kudai deni.
Nikabonyeza.
Baba alimngojesha siku tisa; mimi hakunipa hata dakika.
Ngozi imetoka laini bila kudanganya,
kila mkunjo umekaa kwao.
Akatazama sana.
"Mbona jina la kanga umelikata?"

Kweli. NILIKUWEPO imeondoka.
Imebaki HAMKUNIONA.

Nikamweleza: lenzi ililisoma lote, shangazi.
Inamwaga duara pana kama ungo,
stempu inachota katikati,
kinachobaki kinaangukia masizi.
Hakuridhika. Wala mimi.
Maana ukingoni ndiko alikosimama mtoto wa kushika pazia,
dada wa bibi harusi aliyekuja na viatu vya kuazima,
na ule mkono, sijui wa nani,
unaoonekana katika kila picha ya familia yetu.
"Sogeeni, sogeeni, mtaingia nyote,"
baba alikuwa akisema,
na filamu yake ilikuwa na nafasi, wakaingia.

Kwangu mimi wa kusogea ni mimi.
Nikarudi nyuma hadi kwenye beseni la nguo,
nikapita mlango, nikapita magunia ya mkaa ya jirani,
kisigino kikagusa mtaro.
"Unakwenda wapi tena?"
Nalifuata jina lako.
Akacheka, akaivuta kanga ikakaa sawa,
akanipungia kwa vidole: bado, bado,
rudi.